Michoro Kumi na Miwili kwa Sekunde

Kaka yangu alipouliza kwa nini nimepata sapu mbili, nilimjibu kwamba masomo ya mwaka wa pili ni magumu. Ni kweli ni magumu. Lakini wenzangu tuliokaa nao kwenye kimbweta kilekile walipita, na usiku wao wakipitia mitihani ya zamani mimi nilikuwa chumbani nachora mtu anayeshuka kwenye duara. Michoro 564. Ukiigawa kwa kumi na miwili unapata sekunde 47 za katuni isiyo na sauti, ambayo mpaka siku ile ilikuwa imeonwa na watu wawili: mimi na rumeti wangu. Rumeti aliiona kwa sababu nilimwamsha saa nane usiku.

Jarida limeniomba niandike kuhusu sanaa ninayoipenda. Nimejaribu kuandika bila kutaja sapu, imeshindikana.

Kwa asiyepajua, Buseresere ipo kwenye barabara kuu ya kutoka Geita kwenda Biharamulo. Imeshikana na Katoro kiasi kwamba mgeni anatoka Wilaya ya Geita na kuingia Wilaya ya Chato bila kujua kama amevuka kitu. Mimi nilizaliwa tukiwa Mkoa wa Kagera; mwaka 2012 Mkoa wa Geita ulipoanzishwa tukawa watu wa Geita, bila mtu kuhamisha hata kigoda. Ni mji wa biashara: mchele, mitumba, pikipiki, vipuri vya karasha. Pesa ya pale hupanda na kushuka kufuata machimbo. Duara likitema huko Lwamgasa au Nyarugusu, nyama choma inaisha saa moja jioni. Yasipotema, hata muuza vocha anakaa kimya.

Karibu na kwetu palikuwa na kibanda umiza, kuta za mabanzi na turubai juu. Kiingilio kwa watoto shilingi mia. Wasichana hatukukatazwa kwa tangazo, ila msichana akionekana anatoka pale jioni, habari ilifika nyumbani kabla yake. Kwa hiyo nilitazamia nje. Kulikuwa na upenyo kati ya mabanzi mawili, upana wa vidole viwili hivi, na kupitia hapo niliona kipande cha katikati cha televisheni. Kabla ya sinema kubwa, mwenye kibanda aliweka Tom na Jerry ili kuvuta watoto. Jerry alipita kwenye upenyo wangu mara moja, akapotea. Tom naye akapita, akapotea. Halafu kishindo, sahani zinavunjika, tarumbeta, watu wanacheka. Nilichokosa kwa macho nilikipata kwa masikio, nikakijazia mwenyewe kichwani. Baadaye nilipokuja kuzitazama katuni zilezile kwenye simu, nzima nzima, nyingine nilikuta nilizijazia vibaya kabisa, na mbili tatu nilizijazia vizuri kuliko zilivyo.

Nilikuja kusoma kwamba muziki wa zile katuni za zamani ulitungwa na Scott Bradley, kule MGM, na kwamba alikuwa anapanga noti kufuata mwendo wa picha: paka akinyata, ala zinanyata naye, akianguka ngazi, muziki unahesabu ngazi. Nilipoelewa hivyo nilifurahi kama mtu aliyerudishiwa chenji aliyokwisha kuisahau. Kumbe pale nje ya kibanda sikuwa napunjwa sana.

Baada ya katuni ziliingia filamu za kutafsiriwa. Mnazijua. Mtu mmoja na kipaza sauti, anasema sauti za wahusika wote, anaongeza vichekesho vyake, anamtukana adui kwa niaba ya hadhira. Lufufu ndiye aliyeipa kazi hiyo jina kubwa Dar es Salaam, na wengi waliofuata wamepita njia yake. Kuna watu wasomi wanaodharau sanaa hii, wanasema inaharibu filamu. Mimi nasema nenda ukae pale nje ya mabanzi usikilize. Mtafsiri mzuri anajua lini anyamaze. Anaacha mlango ufunguke kimya, halafu ndipo anasema, 'Haya sasa.' Sijawahi kufundishwa darasani kitu chochote kuhusu kupanga muda kinachozidi hiyo 'haya sasa'.

Vichekesho vya kuchora vilinifikia kwa njia ya karanga. Mama alikuwa anauza karanga za kukaanga stendi, na karatasi za kufungia alinunua kwa kilo: magazeti, daftari za shule, majarida ya zamani. Ndani ya mzigo mmoja zilikuja kurasa nyingi za Sani. Wengi wenu mmelisikia tu kwa wazazi, lakini ni jarida lililoanza miaka ya 1970 kuelekea mwisho, likiwa la Saidi Bawji na Nico Ye Mbajo, na jina lenyewe limetokana na majina yao. Humo ndimo nilikutana na Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge na Pimbi. Tatizo ni kwamba mama alikwisha kuanza kuchana. Nina hadithi kumi na kitu za Lodi Lofa kichwani ambazo hazina mwisho, kwa sababu mwisho uliuzwa na karanga za shilingi hamsini. Kwa hiyo nikawa nachora miisho. Nilichora nyuma ya daftari la Sayansi, na mwalimu akanichapa. Sina kinyongo, nilistahili. Nilikuwa nimemchora na yeye.

Hapo nilikuwa sijui majina ya wachoraji. Kwenye kurasa zilizochanika jina la mchoraji ndilo huondoka kwanza, maana huandikwa pembeni chini. Nimekuja kulijua jina la Philip Ndunguru nikiwa chuoni. Alifariki mwaka 1986, bado kijana, na ukitazama wachoraji wengi wa vichekesho waliomfuata utaona mkono wake: jinsi viatu vinavyokunjika, jinsi mtu mnene anavyokaa kwenye kiti kidogo. Nilikuwa naiga mkono wake nikiwa darasa la nne, na sikujua kwamba kuna mtu naiga.

Upande wa muziki ni babu, mzaa mama. Alihamia kwetu kutoka Magu, na alikuwa mpiga ngoma wa Bagika. Msukuma atakuelewa mara moja ukisema hivyo. Kwa wengine nifafanue. Ngoma za Usukuma zina pande mbili kubwa, Bagika na Bagalu, na simulizi ni kwamba zilianzishwa na waganga wawili waliokuwa wanashindana, Ngika na Gumha, katika karne ya 19. Mpaka leo baada ya mavuno makundi yanashindana. Na ushindani wenyewe ni mkali kwa namna nisiyoiona kwenye sanaa nyingine: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja umegawanywa, na anayehukumu ni umati. Watu wakihamia upande wa pili, umeshindwa, na unaona kwa macho yako wanavyokuacha huku bado unapiga. Babu alinipeleka mara moja kwenye sherehe za Bulabo pale Bujora, Kisesa, penye makumbusho yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Kundi moja lilikuwa na nyoka, jingine na majembe, wale wa bugobogobo, wanayarusha na kuyadaka, yanazunguka hewani na kutua kwenye pigo. Babu hakutazama majembe. Alitazama miguu ya watu waliokuwa wamesimama pembeni. 'Wakianza kuhama,' aliniambia, 'kisigino ndicho kinatangulia.'

Basi huo ndio mzigo niliokuja nao chuo: karanga, upenyo na kisigino. Nikakutana na intaneti ya hosteli.

Sitasimulia sana habari za anime, kila bweni lina wataalamu wake na sitaki ugomvi. Nitasema tu kwamba mwaka wa kwanza nilimeza Naruto yote, nikaingia Dragon Ball, nikamaliza na Akira ya mwaka 1988, ambayo niliitazama mara tatu kwa siku mbili na kukosa seminari. Nilianza kuchora kwa kidole kwenye simu, kwa FlipaClip. Bumu la muhula wa pili lilipotoka nikanunua tableti ya kuchorea, mtumba, shilingi 185,000. Hiyo ilikuwa pesa ya chakula. Nilikula wali maharage kwa wiki sita na kuiambia familia kwamba Bodi imechelewesha. Wanafunzi wenzangu, mnajua Bodi husingiziwa mengi.

Matokeo yalikuwa aibu. Nilichora wachimbaji wenye macho makubwa na nywele zimesimama kama miiba. Walipokimbia mikono ilinyooka nyuma. Mshkaji mmoja wa kutoka Kahama, ambaye kwao wanachimba kama kwetu, alitazama akaniuliza, 'Sasa huyu mchimbaji, mbona anakimbia kama Naruto? Nani anamfukuza?' Nikasema ni mtindo. Akasema, 'Mtindo wa nani?'

Niliudhika siku nne. Siku ya tano nilifuta kila kitu nikaanza na sauti. Simu yangu ilikuwa na rekodi ya babu akipiga ngoma, niliyomrekodi likizo moja kabla hajafariki, dakika sita, na mbuzi ndani yake. Nikaamua mtu wangu atembee kwenye ngoma hiyo.

Hapa niwaeleze kidogo hesabu yake, maana ndiyo iliyonila usiku. Filamu ina fremu 24 kwa sekunde. Mchoraji asiye na kiwanda huchora michoro 12, kila mmoja unakaa fremu mbili, na jicho linakubali. Ngoma ikienda mapigo 120 kwa dakika, kila pigo linachukua nusu sekunde, yaani michoro sita. Safi. Ikienda mapigo 90, kila pigo ni michoro minane. Safi pia. Lakini ikienda mapigo 100, ni michoro saba na kitu, na hakuna mchoro wa 'na kitu'. Mguu unatua kabla ya ngoma, au baada. Kwa hatua tatu za kwanza huoni kosa. Ya nne unaona kama mtu amelewa. Sasa babu hakuwa anapiga 90 wala 100 wala 120. Alianza taratibu akawa anaongeza, kama jua linavyokuwa kali bila wewe kuona, na mbuzi akilia anavuta pumzi na kuchelewesha pigo moja kwa makusudi. Hakuna namba ya kuweka kwenye Krita. Ilibidi nisikilize pigo baada ya pigo, niandike kwenye karatasi: hapa sita, hapa sita, hapa tano, hapa saba. Karatasi hizo zilijaa ukuta. Rumeti alidhani ni kazi ya takwimu, akanisifu.

Lakini mtu alianza kutembea. Kwa mara ya kwanza hakutembea Kijapani. Alitembea kama watu wanaotoka machimboni jioni, mabega mbele, magoti hayanyooki vizuri.

Kuna wakati huo watu waliniambia, 'Si uombe kazi kwa wale wa Ubongo Kids?' Nawaheshimu sana. Tangu mwaka 2014 wameonyesha kwamba katuni inayotengenezwa Dar es Salaam inaweza kukaa kwenye televisheni na watoto wakaiganda, na mdogo wangu amejifunza hesabu kwao kuliko shuleni. Tinga Tinga Tales nayo, iliyotengenezwa Nairobi na kutoka mwaka 2010, ilinifanya nitazame upya michoro ya Edward Saidi Tingatinga ambayo nilikuwa naiona kama vitu vya watalii. Ila nina dukuduku langu. Kwetu, ukisema katuni, mtu anauliza inafundisha nini. Kunawa mikono? Kuhesabu? Malaria? Bongo Fleva haiulizwi hivyo. Singeli haiulizwi hivyo. Mimi nataka kuchora mtu anayeshuka kwenye shimo, na mtazamaji akimaliza asiwe amefundishwa chochote, awe tu ameshika pumzi. Mganda mmoja, Raymond Malinga, ametengeneza filamu ya mifugo na wachungaji iliyo ndani ya mkusanyiko wa Kizazi Moto wa mwaka 2023. Nilipoitazama niliruka kitandani. Kumbe inawezekana mchunga ng'ombe akawa mhusika bila kuhubiriwa.

Na kila mchoraji aliyefeli somo hapa chuoni atakutajia Gado. Kwamba aliacha usanifu majengo pale Ardhi, akaenda Nairobi kuchorea Nation mwaka 1992, na tazama alipo leo. Mimi mwenyewe nilimtaja, matokeo yalipotoka. Rumeti akasema, 'Gado alikuwa anachorea magazeti tangu kijana. Wewe una sekunde 47.' Rumeti anasoma sheria.

Niliiuza tableti kwa shilingi 120,000 ili nipate nauli na ya kuishi wakati wa sapu. Nilipomaliza fildi nikapanda basi. Mara hii tulivuka ziwa juu ya daraja jipya la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Zamani pale tulishuka tukangoja kivuko, tukala samaki wa kukaanga. Sasa basi linapita tu, na nilikuwa sijamaliza kufikiria nitakachomwambia kaka.

Nieleze kuhusu kaka. Anafanya kazi duarani huko Lwamgasa tangu baba aondoke, na mkopo wangu wa Bodi haukukamilika, kwa hiyo ada inayobaki inatoka kwake. Ninasoma uhandisi wa madini kwa sababu yake. Siku niliyochaguliwa alinunua kofia ngumu ya plastiki, nyeupe, akaitundika sebuleni. Haijavaliwa mpaka leo. Na jambo ambalo ni lazima mlijue ili mwelewe yanayofuata: mimi, mhandisi mtarajiwa, sijawahi kushuka duara. Kwenye machimbo mengi ya wachimbaji wadogo mwanamke hashuki. Wanasema dhahabu itakimbia. Wanawake wako juu, wanaponda mawe, wanaosha marudio, wanapika. Mgodi mkubwa nitashuka na kofia yangu na hakuna atakayesema neno, lakini shimo linalonilipia ada nimeliona mdomo tu.

Nilimwambia jioni ya pili. Kwamba hazikuwa sapu za ugumu wa masomo, zilikuwa za katuni, na kwamba Bodi haikuchelewesha. Mama alitoka nje akaenda kuchambua mchele ambao ulikwisha kuchambuliwa. Kaka hakupiga kelele. Aliuliza swali moja: ada ya muhula ule ilikuwa ya viroba vingapi, ninajua? Sikujua. Akasema, 'Kumi na vinne.' Akaenda kulala. Siku mbili hakuniongelesha, wala salamu yangu hakuitikia kwa sauti, alitikisa kichwa tu.

Sina la kujitetea hapo na sitajitetea kwenye jarida.

Mchana nilisoma mekanika ya miamba, safari hii kweli kweli. Usiku sikulala vizuri, na mkono ulikuwa unawasha. Tableti sikuwa nayo. Ndipo nikamkumbuka Lotte Reiniger, mama wa Kijerumani aliyetengeneza filamu ndefu ya vivuli mwaka 1926, ya Mwanamfalme Achmed. Alikata watu kwenye karatasi nyeusi kwa mkasi, viungo vimeunganishwa kwa waya, akawalaza juu ya kioo chenye taa chini yake, kamera juu. Anasogeza kidogo, anapiga picha, anasogeza kidogo. Basi. Kioo tulikuwa nacho, cha dirisha la zamani. Nikakiegesha juu ya stuli mbili, chini nikaweka tochi ya kichwani ya kaka na karatasi ya mafuta ili mwanga usambae. Mtu nikamkata kwenye boksi la sabuni. Waya wa shaba ulitoka kwenye mota ya karasha iliyoungua, ipo nyuma ya nyumba. Simu nikaifunga kwenye kamba ya nguo iliyopita juu, na kila mama alipogusa kamba nilirudia.

Kaka alikuja kutafuta tochi yake. Ilikuwa kama saa nne usiku, anataka kuondoka na wenzake. Alisimama mlangoni. Nilikuwa nimefika pale mtu wangu ameshika kamba kwa mikono miwili, anateleza kwenda chini, uso umetazama shimoni, kama mashujaa wa filamu. Nikabonyeza nilichokwisha kupiga, sekunde kama tisa, akatazama. Akatazama tena. Kisha akasema maneno ya kwanza tangu jioni ile:

'Huyo anakufa.'

Nikauliza kwa nini.

'Kamba ni ya kiroba. Mtu anashuka kwa matimba.' Akasogea kwenye kioo akamgusa mtu wangu kwa kidole, kwa uangalifu ambao sikuutarajia. 'Na huku chini anatazama nini? Chini ni giza. Unatazama timba la mguu wako. Na mguu hauuwekei uzito hivihivi.'

'Unafanyaje?'

'Unagonga.'

Alivua viatu. Kuna ngazi ya miti tunayopandia darini. Akapanda mgongo ukiwa ukutani, akaanza kushuka, mguu mmoja mmoja, na kila alipofika kwenye mti aligonga kwa kisigino mara moja, akatulia, halafu ndipo uzito ukafuata. Timba zima linajibu, alisema. Lililooza linanyamaza. 'Ukisikia limenyamaza, mkono usiachie.' Alirudia mara tatu ili nihesabu. Kisigino, kimya, uzito, mkono. Nilihesabu kwa sauti: michoro mitatu, mitano, minne, miwili. Mama alikuja kusimama na mwiko mkononi. Wenzake waliokuwa wanamngoja nje na pikipiki walianza kupiga honi, akawajibu, 'Ngojeni, nafundisha mhandisi.'

Hakucheka aliposema hivyo. Wala mimi sikucheka. Alichukua tochi yake, nikabaki gizani na kioo.

Asubuhi niliikuta tochi nyingine juu ya meza, mpya, na betri.

Filamu ya pili ina sekunde 38. Nimeifupisha kwa sababu kuteleza kote kumetoka. Mtu anashuka matimba kumi na moja, basi, na kwenye timba la tisa kisigino kinagonga na kimya kinakuwa kirefu kuliko kwingine, michoro ishirini na minne, sekunde mbili nzima hasogei. Niliijaribu kwa rumeti niliporudi. Alishika pumzi. Halafu akauliza, inafundisha nini?

Sapu moja nimefaulu. Mekanika ya miamba nimekeri, nitaibeba mwaka huu, na nimemwambia kaka siku ileile matokeo yalipotoka, kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote. Alisema, 'Sawa,' na sikuweza kujua ni sawa ya namna gani.

Filamu nilimtumia kwa WhatsApp. Akaipeleka duarani, sikumwomba. Majibu yamekuja kwa sauti, watu nisiowafahamu, wengine Kisukuma, wengine Kiha, wote wana la kusema. Mmoja amesema matimba yangu yamekaa mbali mno, mtu mfupi atashindwa. Mmoja ameuliza huyo jamaa analipwa na nani. Wa mwisho, mwenye sauti ya mzee, amesema picha ni nzuri lakini shimo haliwezi kuwa kimya hivyo. Juu kuna karasha, na karasha unaisikia mpaka chini, hasa ukiwa peke yako.

Nikamjibu kaka kwamba sina sauti ya karasha. Jana usiku amenitumia. Ina dakika nne na nusu, inaunguruma tu, mawe yanaingia na kuvunjika. Nimeisikiliza na karatasi mkononi. Inapiga 96 kwa dakika, karibu na hapo, ila kuna mahali inakwama kidogo kisha inaendelea, na kwa mbali kuna jogoo. Jogoo nitamwacha.